Picha za Kejeli na Boma la Iringa

Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 liwe hospitali ya askari wao, miaka miwili tu baada ya kufa kwa Mkwawa. Waingereza wakalirithi, wakalitumia kwa kazi za utawala, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa na kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Lakini makumbusho ya historia yanapofikiriwa kuwa pia nyumba ya sanaa ya siku hizi, hapana budi kuuliza kama picha ya kejeli, ile inayowacheka wakubwa, yastahili kutundikwa humo kando ya michoro na vinyago vya mafundi wa leo.

Yastahili, na kwa sababu iliyo karibu sana na kuta za jengo lenyewe. Mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji, gazeti la kejeli la Simplicissimus la München lilichapa michoro ya Thomas Theodor Heine juu ya mataifa yenye makoloni. Katika mchoro wa Wajerumani, twiga wamepangwa mstari wakinyanyua miguu kwa gwaride, na mamba amefungwa kinywa. Kumbe utawala uliojenga Boma ulikuwa ukichekwa kwao wakati ule ule! Ila katika mchoro huo mna pia kibao kinachokataza kumwaga theluji, na asiyejua Kijerumani hukipita bila kucheka. Picha ameiona, kejeli imempotea.

Hapo ndipo penye shida. Kejeli ya Nyanda za Juu Kusini ilikaa katika maneno kabla haijakaa katika karatasi. Wahehe na Wangoni walipigana kati ya 1878 na 1882, na katika uadui ule ukaota utani: wajukuu wa waliopigana wakapata ruhusa ya kutukanana msibani, wala hapana wa kukasirika. Mtani huweza kumwambia mkubwa jambo ambalo nduguye hathubutu kulitamka. Mchoraji wa gazeti alipokuja alikuta kazi hiyo ina wenyewe, naye akaifanya kama mtani wa taifa zima. Ndivyo alivyokuwa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu 1967, mwaka wa Azimio la Arusha.

Jarida la Sani, lililoanza katika miaka ya 1970, liliongeza utajiri wa majina. Ndumilakuwili ni neno la Kiswahili lenyewe, la nyoka adhaniwaye kuuma kwa ncha zote mbili, nalo latosha kueleza tabia ya mtu kabla hajafumbua kinywa. Lodi Lofa ametungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yasiyopatana, la bwana mkubwa na la mzururaji, yakavishwa irabu za Kiswahili. Mchoro wa Lodi Lofa usio na jina lake ni mchoro wa mtu aliyevaa vibaya, basi.

Mbeya, mji uliokua kwa dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, una haki yake pia katika habari hii. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, ana jina lenye Mwa-, kiambishi kilichojaa katika majina ya koo za Wanyakyusa. (Jina si ushahidi wa kuzaliwa: yeye alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akahamia Nairobi mwaka 1992.) Michoro yake mingi imebeba maneno ya Kiingereza. Ikitundikwa Iringa au Mbeya, nani atakayeitafsiri, na kwa Kiswahili cha nani?

Mara nyingi wapanga maonyesho hukata maandishi ya gazeti ili mchoro uonekane vizuri, wakabandika chini yake jina la mchoraji na mwaka. Kwa kinyago huenda ikafaa. Kwa katuni ni kumkata mtani ulimi. Gazeti zima lihifadhiwe, ukurasa na tarehe yake, pamoja na habari iliyochekwa siku ile, maana karatasi hizo zilifungiwa maandazi mapema kuliko zilivyopelekwa maktaba. Na mchoro wa Heine, ukipata chumba katika hospitali ile ya zamani, utamtaka mfasiri aamue kwanza juu ya theluji ya kibao, mbele ya msomaji wa Iringa ajuaye baridi ya Juni lakini hajapata kuona theluji ikimwagwa.