Pwo: mwanaume mwenye kuvaa sura ya mama

Siku moja niliuliza wanafunzi wangu: mwanaume akivaa kama mwanamke na kucheza mbele ya watu, munaona nini? Wote walicheka. Mmoja akasema: «Mwalimu, ile ni mambo ya wazungu, ya televizyo.» Njo maana naandika.

Kwa Watshokwe, pande za Dilolo na Sandoa, tena ngambo ya mpaka, Angola na Zambia, desturi hii ni ya mababu. Kinyago kinaitwa Pwo, maana yake mwanamke. Mwenye kukivaa ni mwanaume sikuzote. Anavaa nguo ya nyuzi yenye kubana mwili, na maziwa ya kuchonga. Anatembea polepole kama mama wa heshima. Zamani fundi alichonga sura akifuata mwanamke mwenye uzuri. Mchezaji alimpa fundi pete ya shaba, ni kusema mali ya ndoa: alioa kinyago. Akifa, waliweza kukizika pamoja naye.

Mbona watu hawakumuzarau? Juu Pwo ni mama wa zamani wa ukoo, mwenye kuletea watu uzazi.

Kiisha mambo yakageuka. Wakati wa ukoloni wamisionere wengi waliita vinyago ushenzi, na wazungu wengine wakavinunua; leo viko katika makumbusho ya Ulaya. Jina nalo lilibadilika: Pwo, mama mtu mzima, akawa Mwana Pwo, binti kijana. Uzuri ukatangulia uzazi. Mwaka 2005, UNESCO ikatangaza mchezo wa Makishi wa Zambia kuwa urithi wa watu wote. Kilichotukanwa kikasifiwa.

Si sisi peke yetu. Uingereza, vijana wanaume walicheza wanawake katika tiyatre mpaka karibu 1660. Japani, wakubwa walikataza wanawake katika kabuki mwaka 1629, na wanaume wanacheza nafasi zao hata leo.

Lakini tusidanganyane. Pwo anasifu mama, kumbe mama mwenyewe hana ruhusa ya kumvaa. Binti mmoja wa darasa aliniuliza: «Mwalimu, sisi tunasifiwa, lakini nani alituuliza?» Sikuwa na jibu la haraka.

Basi, tusicheke kabla ya kujifunza. Na tukimsifu mama katika kinyago, tumuachie pia nafasi ya kusema kwa kinywa chake.