Kasoro ya Simu Iliyogeuka Mlinzi wa Barabara

Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2016, barabara iliyo mbele ya stesheni ya Hakata, mjini Fukuoka, Japani, iliporomoka. Chini yake handaki la treni lilikuwa linachimbwa. Shimo lilifika upana wa mita 30 hivi na kina cha mita 15. Wafanyakazi waliona maji yakiingia handakini wakatoka, na barabara ikafungwa dakika chache tu kabla lami haijazama. Hakuna aliyekufa. Lakini hebu jiulize: ungependa kuonywa dakika ngapi kabla?

Cha ajabu, njia mojawapo ya kuhisi ardhi ikianza kutitia ilizaliwa hukohuko Japani, na waliyoizaa hawakuwa watu wa barabara. Walikuwa watu wa simu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1922 Mfaransa Léon Brillouin alitabiri kwamba mwanga ukipita ndani ya kitu hukutana na mawimbi madogo mno ya sauti yaliyomo humo, na sehemu yake hutawanyika ikiwa imebadilika masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Mwaka 1970 kampuni ya Corning, Marekani, ikatengeneza uzi wa kioo ambao mwanga haufifii upesi, na kampuni za simu zikaanza kufukia faiba. Hapo ikaja hofu mpya: faiba ikivutwa muda mrefu hupata nyufa, mwisho hukatika. Utajuaje inavutwa wapi, nayo iko chini ya ardhi?

Mwaka 1989 Tsuneo Horiguchi na wenzake wa NTT, kampuni ya simu ya Japani, walionyesha kwamba masafa ya Brillouin hubadilika sawia na mvutano wa faiba. Kumbe kioo chenyewe kinasema! Tuma mwanga wa leza, pima unaorudi umebadilika kiasi gani. Muda uliotumia safarini utakuambia umetoka mita ya ngapi. Kwa wahandisi wa ujenzi hii ilikuwa zawadi: uzi mmoja wa kilomita kadhaa, kila mita yake ni kipimo.

Ila barabara ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Fanya hesabu nami. Faiba ya mita 10, ncha zote zimeshikwa, katikati inashuka sentimita 5. Dereva ataisikia hiyo. Lakini faiba yenyewe inarefuka milimita 0.67 tu, na masafa yanasogea kama megahezi 3. Sasa kumbuka kwamba joto nalo huyasogeza, takriban megahezi 1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Maana yake udongo ukipata joto nyuzi 3 tu, kipimo kitakuambia barabara inazama, na haizami! Ndiyo maana huwekwa nyuzi mbili: mmoja umebanwa na udongo, wa pili umelegea ndani ya kijibomba, unapima joto peke yake ili litolewe kwenye hesabu.

Na hapa ndipo mimi hucheka kidogo. Dawa ya watu wa simu dhidi ya mvutano ilikuwa kuacha faiba ielee kwenye jeli ndani ya kebo, isiguswe na lolote. Kwa hiyo kebo nzuri ya intaneti ni kiziwi mbele ya ardhi inayotitia. Wahandisi wa barabara ilibidi waanze upya, watengeneze kebo ambayo udongo ukiivuta, kioo nacho kinavutika.