Shahidi wa Pili

Msomaji, wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Lakini yako maradhi asiyoyaficha mtu, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa nayo. Mtu huyo atatambuliwaje?

Korona iligunduliwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2020. Upimaji wa hadhara ulipofika Kawangware mwezi wa Mei, wengi hawakujitokeza, maana walihofu kutiwa karantini. Kufikia tarehe 31 Julai, waliohesabiwa kuwa na ugonjwa nchini kote walikuwa 20,636, na waliokufa 341. Je, hesabu hiyo ilikuwa timamu?

Jibu lilikuwamo damuni. Mwili ukishambuliwa na virusi huunda kingamwili, nazo hubaki baada ya ugonjwa kuondoka, mfano wa nyayo za mwizi. Ila nyayo hizo hazionekani kwa macho. Mwaka 1945, huko Cambridge, Uingereza, Robin Coombs na wenzake wawili walitumia dawa iliyotokana na sungura. Sungura aliyedungwa protini za damu ya binadamu huunda kingamwili zinazozinasa kingamwili za binadamu. Basi kingamwili ya pili ikawa shahidi wa ile ya kwanza. Mwaka 1971, Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walieleza namna ya kupima kwa kutumia kimeng'enya kiwezacho kugeuza rangi ya maji.

Elimu hiyo ndiyo iliyotumiwa Kilifi mwaka 2020, katika kupima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya Aprili na Juni. Protini ya virusi ilipakwa katika vishimo vya sahani, ikamiminwa sehemu ya majimaji ya damu, vikaoshwa. Kisha ikatiwa kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya. Rangi ilipotokea, ilikuwa ishara kwamba mwenye damu alikwisha kukutana na korona.

Kwa Nairobi, wataalamu walikadiria watu 7 katika kila 100. Sensa ya 2019 ilikuwa imeuhesabia mji huo watu zaidi ya milioni 4. Piga hesabu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2020, uchunguzi mwingine wa kingamwili ulikuta Kibera zaidi ya watu 4 katika kila 10.

Basi kumbuka, msomaji: idadi ya waliojitokeza si idadi ya waliopatwa. Hofu ilinyamazisha vinywa, lakini damu ilitoa ushahidi.