Nani alisomea wazimu wetu?

Nimepotea siku nyingi, lawama pelekeeni mitihani. Leo nina hadithi ya Mathari.

Ilianza juzi usiku. Mwenzangu wa chumbani (yule wa kunimalizia sukari, mnamjua) alikuwa akijaza fomu za uzamili, saikolojia ya kliniki. Mamake akapiga simu: "Yaani miaka minne yote hiyo, halafu uende kusomea wazimu?" Jamaa akanyamaza, fomu akaisukuma chini ya mto. Mimi nikaenda maktaba kumtafutia jibu, nikakutana na daktari aitwaye J. C. Carothers.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, ikiitwa tu makao ya vichaa ya Nairobi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikamkabidhi Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Hebu fikiria! Stashahada ya fani hiyo aliifuata London, Maudsley, mwaka 1946, akiwa ameshaongoza miaka minane. Utasema basi, angalau alisoma. Lakini mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na 1954 ikatoka ripoti yake juu ya Mau Mau, kana kwamba kudai shamba lako ni ugonjwa.

Sasa sikieni. Maudsley hiyohiyo alisoma Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954 alianza kazi Aro, kule Abeokuta, kwa utaratibu ulionishangaza: mgonjwa anakuja na ndugu yake, wanapanga chumba kijijini, ndugu anampikia, mchana wako hospitali kwa matibabu, jioni wanarudi kwa majirani. Hata waganga wa kienyeji aliwaita wasaidiane. Miaka ya baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lilelile lililomchapisha Carothers. Walisoma mahali pamoja hawa! Ila Lambo alijua kwamba mgonjwa ana shangazi.

Kwetu, uzamili wa magonjwa ya akili ulianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982. Uhuru ni 1963, hesabu mwenyewe.

Nilitaka kumcheka Carothers, lakini ngoja niungame. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyelalia dawati kila somo. Nikaandika kwenye ripoti: mvivu. Wiki ya mwisho ndio nasikia alifiwa na babake muhula uliotangulia, na tangu siku hiyo haongei na mtu nyumbani. Ripoti ilishatiwa sahihi. Saikolojia ya elimu nilikuwa nimeifaulu vizuri tu, jamani, na sikumuuliza hata umekula nini.

Jana nilimsimulia mwenzangu yote haya tukila chapati madondo. Aliposikia ya shangazi akacheka, halafu akauliza kijana yule yuko wapi sasa. Sikuwa na jibu. Leo asubuhi fomu haiko tena chini ya mto, na mwenyewe ametoka bila kuaga. Ameipeleka, au mama ameshinda? Akirudi nitawaambia.