Jeki, Gogo na Stendi

Jeki ni chombo cha kuinulia mzigo mzito kwa kimo kifupi, na mtu mmoja huweza kukitumia. Jina lake limetoka kwenye Kiingereza, ambako Jack ni jina la mwanamume wa kawaida, kama Juma. Zamani Waingereza waliwaita hivyo vijana wa kutumwa, kisha wakakipa jina hilo kila chombo kilichochukua kazi ya kijana wa kutumwa: cha kuvulia buti, cha kugeuzia nyama motoni, na cha kuinulia gari la farasi.

Kazi ya jeki huonekana moja, kumbe ni mbili. Ya kwanza ni kuinua. Ya pili ni kuushikilia mzigo huko juu hadi shughuli iishe. Tangu enzi za magari ya farasi kazi hizo zimekuwa zikiachana polepole: kadiri kuinua kulivyozidi kuwa rahisi, ndivyo kushikilia kulivyohitaji chombo chake.

Katika daftari la Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, mna mchoro wa parafujo kubwa ya kuinulia mizigo. Leonardo da Vinci naye alichora jeki zaidi ya miaka 200 baadaye. Lakini jeki iliyozoeleka mikononi mwa watu ilikuwa ya barabarani. Magari makubwa ya mizigo yaliyoitwa Conestoga, yaliyotengenezwa Pennsylvania katika karne ya 18, hayakusafiri bila jeki. Ekseli zake zilihitaji kupakwa lami na mafuta mara kwa mara, na gurudumu halichomoki ilhali limekanyaga ardhi. Jeki hiyo ilikuwa gogo la mti mgumu lililotobolewa katikati, na ndani yake mlipita upapi wa chuma uliochongwa meno kama msumeno. Mkono ukizungushwa, upapi hupanda. Jino dogo la chuma huangukia kwenye kila pengo na kuuzuia usirudi. Wahunzi walizoea kugonga mwaka na herufi za jina kwenye chuma, ndiyo maana zilizobaki katika majumba ya makumbusho hujitaja umri zenyewe.

Parafujo ilikuwa na sifa nyingine. Hesi zake zikiwa na mteremko mdogo, msuguano huizuia isijizungushe kurudi chini hata mkono ukiachiwa. Sifa hiyo haiji bure, kwani parafujo inayojishikilia yenyewe hupoteza kwa msuguano zaidi ya nusu ya nguvu anayoitia mzungushaji. Mtu hutoka jasho, lakini mzigo haushuki.

Hakuna mahali ambapo sifa hiyo ilionekana wazi kuliko Chicago. Mji huo ulijengwa kwenye ardhi tambarare ya matope kando ya Ziwa Michigan, na majitaka hayakuwa na pa kwenda. Miaka ya 1850 iliamuliwa kwamba barabara ziinuliwe ili mabomba yapitishwe chini yake, na majengo yakalazimika kufuata. Mwaka 1860 safu nzima ya majengo ya Lake Street, yenye urefu wa futi 320 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 35,000, iliinuliwa futi 4 na inchi 8 kwa siku tano. Zilitumika parafujo 6,000 na watu 600, kila mtu na jeki zake kumi. Ishara ikitolewa, wote huzungusha kiasi kilekile kwa pamoja. Maduka hayakufungwa, wateja waliingia na kutoka huku sakafu ikipanda kidogo kidogo. Mmoja wa makandarasi wa kazi hiyo alikuwa George Pullman, ambaye baadaye alipata jina kwa mabehewa ya kulala.

Masimulizi mengi ya Chicago huzisifu parafujo na kuyapita magogo. Jengo halikuachiwa jeki peke yake. Magogo yalipangwa chini yake, waashi wakajenga msingi mpya, na msingi ulipokuwa tayari kuubeba uzito ndipo jeki zilipoondolewa. Parafujo, pamoja na uaminifu wake wote, ilihesabiwa kuwa chombo cha muda.

Wakati huo huo jeki ya aina nyingine ilikuwa imeshazaliwa. Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa makufuli wa London, alipata hataza ya mtambo wa kugandamiza kwa nguvu ya maji. Kanuni yake ilikuwa imeelezwa na Blaise Pascal zaidi ya karne moja nyuma: kanieneo ikitiwa mahali pamoja kwenye kimiminika kilichofungiwa, husambaa kote bila kupungua. Tatizo la Bramah lilikuwa la kifundi tu, maji yalivuja kando ya pistoni. Sifa ya kulitatua hupewa Henry Maudslay, aliyekuwa akimfanyia kazi, kwa pete ya ngozi yenye umbo la kikombe ambayo hujibana zaidi kadiri kanieneo inavyopanda. Mwaka 1851 Richard Dudgeon, fundi wa New York mzaliwa wa Uskoti, alipata hataza ya jeki ya haidroliki ya kubebeka, ambayo ni babu wa ile jeki fupi yenye umbo la chupa inayopatikana leo kwenye malori mengi.

Nguvu ya jeki hiyo hufahamika kwa hesabu ndogo. Tuseme pistoni ndogo ya pampu ina kipenyo cha sentimita 1, na kubwa ya kuinulia ina sentimita 4. Eneo la kubwa ni mara 16 ya dogo. Ukiongeza mkono wa chuma unaozidisha nguvu mara 10, msukumo wa kilo 25 huweza, ukiacha msuguano, kuinua kilo 4,000. Malipo yake ni subira: pampu ikishuka sentimita 2, gari hupanda milimita 1.25 tu.

Ulimwengu uliiona jeki ya maji mwaka 1858 huko Millwall, London. Meli ya Great Eastern, yenye urefu wa mita 211 na kubwa kuliko zote za wakati wake, ilikuwa imegoma kuteremka majini tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Jeki za ndugu Tangye wa Birmingham zilikuwa miongoni mwa mitambo iliyoisukuma kidogo kidogo hadi ikaelea tarehe 31 Januari, na kiwanda chao kikapata umaarufu siku hiyo.

Lakini jeki ya haidroliki iliacha nyuma kitu kimoja ambacho parafujo ilikuwa nacho. Kinachoubeba mzigo si chuma kilichogotana na chuma, bali mafuta, na kinachoyazuia mafuta yasirudi ni pete laini na kigololi kidogo ndani ya vali. Chembe ya uchafu ikikaa chini ya kigololi hicho, au pete ikichakaa, jeki hushuka. Mara nyingi hushuka taratibu bila sauti, na huo ndio ubaya wake.

Magari ya injini yalipoenea, jeki ikaondoka mikononi mwa mafundi ikaingia kwa kila mwenye gari. Matairi ya mwanzo yalipata pancha mara kwa mara, na katika magari mengi gurudumu halikubadilishwa. Tairi lilibanduliwa kwenye rimu hapo hapo, gari likiwa juu ya jeki. Mwaka 1904 kampuni ya Stepney ya Llanelli, Wales, ilianza kuuza gurudumu la akiba la kufunga kando ya lile lililotoboka. Jina hilo halijafa: India tairi la akiba huitwa stepney, na Brazil huitwa estepe. Huko Bloomfield, Indiana, kulianza kutengenezwa jeki ndefu ya chuma yenye matundu, ambayo wakulima waliitumia kung'olea nguzo za ua, na ambayo baadaye ilifungwa kwenye magari ya mbugani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya matope.

Jeki ya ndani ya buti ilibadilika kufuata umbo la gari. Gari la zamani lilikaa juu ya chesisi, fremu nene ya chuma, na jeki iliweza kuwekwa karibu popote chini ya fremu au ekseli. Katika magari ya Kimarekani ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa desturi kuinua kwa bampa, kwa jeki ndefu ambayo ingeyumba na kuanguka gari likisukumwa kidogo. Bampa za plastiki ndizo zilizoizika, wala hakuna wa kuililia. Kisha bodi na chesisi vikawa kitu kimoja, bati la chini likawa jembamba, na watengenezaji wakaweka sehemu maalumu nne zilizoimarishwa kwenye kingo za chini ya milango. Jeki ya mkasi, ambayo moyo wake bado ni parafujo ya kale, ilikatwa mdomo wake ulingane na sehemu hizo. Ikiwekwa pengine, hutoboa sakafu au huteleza.

Gereji zilifuata njia nyingine. Badala ya kuliinua gari, nyingi zilimshusha fundi ndani ya shimo, namna iliyokwisha kuzoeleka kwenye karakana za reli. Shimo haliangushi gari, ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama humo ukisubiri cheche. Mwaka 1925 Peter Lunati wa Memphis, Tennessee, alitoa lifti ya kwanza ya haidroliki ya kuinulia gari zima. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kinyozi, kwenye kiti kinachopanda na kushuka.

Aliye nyumbani hana shimo wala lifti, na kwake ndiko gogo la Chicago lilikorudi. Stendi ni gogo lililofanywa chuma: miguu mitatu au minne iliyotanuka, na nguzo ya katikati inayopandishwa kisha kuzuiwa kwa jino au kwa pini nene. Haiinui chochote. Haina mafuta, haina pete, na haishuki. Hata hivyo, si kila stendi ni stendi. Mwaka 2020 stendi zaidi ya milioni moja zilirudishwa madukani Marekani baada ya kubainika kwamba jino lake lingeweza kuchopoka mzigo ukitikiswa. Ya pini si nzuri kuitazama, lakini huaminika zaidi kwa sababu nguzo haiwezi kushuka bila pini nzima kukatika.

Kuna gari moja lililogeuza mambo juu chini. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na springi za gesi na mafuta, na dereva aliweza kulipandisha au kulishusha gari kwa wenzo mmoja. Tairi likipata pancha, dereva hulipandisha gari hadi juu kabisa, huchomeka stendi ubavuni, kisha huliamuru lishuke. Bodi hubaki juu ya stendi, na magurudumu ya upande huo hujikunja yenyewe kutoka ardhini. Gari hilo liliuzwa na stendi badala ya jeki.

Afrika Mashariki gari lilitangulia gereji. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, alitoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1909, kwa njia ambazo nyingi hazikuwa njia. Malori yaliyofuata miaka iliyokuja yalizaa kazi ya utingo, ambaye ujuzi wake wa kwanza ni jeki ya chupa: kulala kifudifudi chini ya ekseli, kuweka ubao mpana ili jeki isizame mchangani, na kutafuta mawe ya kuzuia matairi. Mawe hayo husahauliwa barabarani lori likiondoka, na dereva wa usiku ndiye huyagundua. Mtaani, gari lililokaa juu ya mawe au matofali ni picha inayojulikana kila kona, na hapo pana hatari isiyoonekana. Tofali la saruji lenye matundu hubeba ukuta vizuri kwa sababu uzito hutandazwa juu yake. Ukiliwekea ncha ya chuma yenye uzito wa tani nzima, hupasuka ghafla. Gogo la mti, angalau, hulia kabla ya kuvunjika.

Utaratibu wa nyumbani unaofundishwa leo ni mfupi. Gari huegeshwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, hendibreki ikavutwa na gia ikatiwa. Kabari huwekwa kwenye magurudumu yatakayobaki chini, kwa kuwa gari huweza kujiviringisha kutoka kwenye jeki. Nati za gurudumu hulegezwa tairi likiwa bado limekanyaga. Jeki huingia kwenye sehemu iliyoonyeshwa na kitabu cha gari, stendi huwekwa pahali imara karibu yake, kisha jeki hushushwa polepole hadi uzito ulale juu ya stendi. Gari hutikiswa kwa nguvu kabla mtu hajaingia uvunguni; likiwa la kuanguka, lianguke hapo. Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya bodi, ili lolote likitokea pabaki nafasi ya kifua.

Kiswahili chenyewe kimeipokea jeki kwa heshima. Magazeti ya Kenya hayaishi kuandika kwamba wakulima au wanafunzi fulani wamepigwa jeki, yaani wamesaidiwa kuinuka. Stendi haijapata msemo. Gari jipya likitoka kiwandani na jeki, huja na onyo kwamba mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki hiyo peke yake, nazo stendi hazimo kwenye buti: hununuliwa dukani, mbili mbili, na uzito zinaoweza kubeba huwa umeandikwa ubavuni.