Kiboriani, Kambi ya Mlimani

Kutoka kwetu Kengeja ukivuka mkondo wa Pemba kuelekea magharibi unafika Tanga, na nyuma ya Tanga iko Muheza na Magila. Mwaka 1914 pande hizi zote zilikuwa dayosisi moja, Dayosisi ya Zanzibar, chini ya Askofu Frank Weston. Kanisa lake kuu lilikuwa Mkunazini, chini ya himaya ya Mwingereza, lakini waumini wake wengi waliishi Bondei, katika koloni la Mjerumani. Vita ilipoanza mwezi Agosti, mpaka ulipita katikati ya kundi moja.

Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa bara, wanaume kwa wanawake, walikamatwa. Wengi walipelekwa Kiboriani, mlima ulio juu ya mji mdogo wa Mpwapwa. Huko misheni ya CMS ilikuwa na nyumba za kupumzikia wagonjwa na waliochoka. Nyumba hizo hizo zikawa kambi ya wafungwa. Baadaye wakahamishiwa Tabora.

Tunaposimulia habari hizi huwa tunawakumbuka wageni tu, maana wao ndio walioandika vitabu. Mzungu alifungwa kwa kuwa raia wa adui. Mapadre na walimu wetu Waafrika walikuwa wenyeji wa nchi ile ile, wakashukiwa upelelezi kwa sababu askofu wao alikuwa Unguja, na kwa sababu walijua kuandika barua. Walitiwa minyororo, wakapigwa, na wengine hawakurudi makwao. Hawakuwa na serikali ya kuulizia habari zao.

Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na milango ikafunguliwa.

Hata hivyo tusidhani ubaya ulikuwa wa upande mmoja. Mwaka huo huo Askofu Weston alitembea kwa miguu akiongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar. Wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi. Askofu hakuyasahau aliyoyaona: mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuikemea serikali ya taifa lake kwa kazi za kulazimisha huko Kenya.

Walimu waliotoka gerezani wakiwa hai walirudi Bondei na Ugogo. Shule nyingi zilikuwa zimefungwa. Walikusanya watoto, wakaanza tena na a, e, i, o, u.