Kabla ya Osiloskopu Palikuwa na Vioo Viwili

Mwaka 1857 Jules Antoine Lissajous, mwalimu wa fizikia katika shule ya Saint-Louis mjini Paris, alichapisha maelezo ya jaribio lililohitaji chumba chenye giza, taa, lenzi na uma mbili za sauti, zile za chuma ambazo wanamuziki huzigonga ili kupata noti ya kuanzia. Kwenye ncha ya kila uma alibandika kioo kidogo. Uma mmoja aliusimamisha na wa pili akaulaza, ili mmoja utikisike juu na chini na mwingine kushoto na kulia. Mwale wa taa uligonga kioo cha kwanza, ukarukia cha pili, kisha ukaacha nukta ukutani. Uma zilipogongwa nukta ile iligeuka mchoro: mara mstari, mara duara, mara fundo lenye vitanzi kadhaa.

Michoro hiyo ndiyo fundi wa leo anayoiona kwenye skrini ya osiloskopu, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, akiteua hali ya X-Y, ambapo ishara moja huendesha mlalo na nyingine wima. Osiloskopu yenyewe ilikuja miaka 40 baadaye. Kipimo kilitangulia kifaa, na ndiyo maana vitabu vinavyoanza na kifaa huwaacha wanafunzi wengi wakikariri tu namna ya kupima masafa na fezi.

Masafa ni idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, nayo huhesabiwa kwa hezi. Fezi ni habari ya nani katangulia na nani kafuata, na kwa kiasi gani. Watwangaji wawili kwenye kinu kimoja wana masafa yaleyale, ila wamepishana nusu ya mzunguko: mchi wa huyu ukiwa juu, wa yule umo kinuni. Mzunguko mzima hugawanywa katika nyuzi 360, kwa hiyo watwangaji hao wamepishana nyuzi 180. Fezi zao zikilingana, michi inagongana.

Ukuta wa Lissajous ulieleza yote hayo bila hesabu. Uma mbili zenye masafa sawa na fezi sawa zilichora mstari wa mshazari. Zikipishana nyuzi 90, mstari ulifunguka ukawa duara. Kati ya hapo palikuwa na duaradufu, nyembamba au nene kulingana na upishano. Kwenye nyuzi 180 mstari ulirudi, safari hii umeinamia upande wa pili. Uma mmoja ukiwa na masafa mara mbili ya mwenzake, ilitokea tarakimu 8. Ukizihesabu ncha za mchoro kwa juu na kwa ubavuni, unapata uwiano wa masafa ya uma hizo mbili.

Kwa haki, Lissajous hakuwa wa kwanza kuijua michoro hii. Nathaniel Bowditch, mwanahesabu wa Massachusetts, aliichunguza mwaka 1815 kwa kutumia pendulamu iliyofungwa kwenye nukta mbili. Alichochewa na swali la James Dean wa Vermont: mtu aliyesimama mwezini angeiona dunia yetu ikicheza namna gani angani? Bowditch alizaliwa Salem, mji wa bandari, naye mwenyewe alisafiri baharini akaandika kitabu cha uanamaji ambacho mabaharia wa Marekani walikitegemea. Msomaji wa Zanzibar analijua jina la Salem kwa sababu nyingine: wafanyabiashara wa huko ndio walioleta kitambaa cha merikani Unguja, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Wapo wanaoiita michoro hii kwa jina la Bowditch. Mimi nabaki na Lissajous, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya iwe kipimo.

Na alikuwa na cha kupima. Katika Ulaya ya wakati ule kila jumba la muziki lilikuwa na noti zake, na noti zilizidi kupanda miaka ikienda, hadi waimbaji wakalalamika kwamba wanakaukiwa na koo. Mwaka 1858 serikali ya Ufaransa iliunda kamati. Waliitwa watunzi wakubwa, Rossini na Berlioz wakiwamo, na Lissajous akawamo upande wa wanasayansi. Amri ya Februari 1859 ikaweka noti ya La kuwa mitikisiko 870 kwa sekunde kwa hesabu ya Kifaransa, ambayo kwenda ilikuwa moja na kurudi ilikuwa nyingine. Kwa hesabu yetu ni hezi 435.

Sasa, amri ni karatasi. Uma utakaopelekwa kwenye shule ya muziki lazima ulinganishwe na uma wa mfano, na hapo ndipo njia ya vioo ilipoonyesha ubora wake. Uma mbili zikiwa na masafa yanayokaribiana lakini hayalingani, mchoro hautulii. Mstari hufunguka kuwa duaradufu, hupanuka hadi duara, hujifunga upande wa pili, kisha hurudi hivyohivyo hadi ulipoanzia. Mchoro ukikamilisha mzunguko huo kwa sekunde 1, masafa yametofautiana kwa hezi 1. Ukichukua sekunde 10, tofauti ni sehemu moja ya kumi ya hezi. Mwalimu wa shule, bila waya wala betri, aliweza kuona kwa macho kosa la chini ya moja kwa elfu nne. Sijui vipimo vingi vya karne ile vilivyopata usahihi huo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Umeme wa mkondo geu ulipoanza kusambazwa mijini, wahandisi walikutana na tatizo la wanamuziki kwa sura mpya. Mkondo ulibadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde na hakuna aliyeuona ukibadilika. Mfaransa Joubert, mwaka 1880, alilipima wimbi nukta baada ya nukta, kisha akaziunganisha kwenye karatasi. Blondel mwaka 1893, na Mwingereza Duddell miaka michache baadaye, walirudi kwenye vioo: kioo kidogo sana kilichotikiswa na mkondo wenyewe, mwale wa mwanga ukiandika wimbi kwenye filamu. Vifaa hivyo vilifanya kazi vizuri, lakini kioo, hata kikiwa kidogo namna gani, kina uzito, na chenye uzito huchelewa. Masafa yakipanda, kioo kilishindwa kufuata.

Jibu lilitoka Strasbourg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo. Februari 1897 profesa Karl Ferdinand Braun alichapisha maelezo ya tyubu ya kioo iliyotolewa hewa, yenye mionzi ya kathodi iliyobanwa ikawa mwale mwembamba. Mwale uligonga bamba lililopakwa dawa inayong'aa, na koili iliyowekwa pembeni iliuvuta huku na huko kwa sumaku. Alichopima kilikuwa mkondo geu wa kituo cha umeme cha mji wake. Kinachonifurahisha ni kwamba Braun aliutumia mwale huo kabla haujajulikana ni kitu gani: J. J. Thomson alitangaza mjini London kwamba ni chembe ndogo sana, hizi tunazoziita elektroni, mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo. Uzito wa elektroni haumzuii mtu kitu, kwa hiyo kizuizi cha Duddell kikaondoka.

Ila hata Braun hakuachana na kioo siku ile. Mwale wake ulikwenda upande mmoja tu, na ili wimbi litandazike ilibidi mtu aitazame nukta kupitia kioo kinachozunguka. Msaidizi wake, Jonathan Zenneck, ndiye aliyekiondoa mwaka 1899 kwa kuuvuta mwale pia kwa mlalo, kwa mwendo usiobadilika. Tangu hapo mlalo wa skrini ukawa muda na wima ukawa nguvu ya ishara. Braun hakuikatia tyubu hataza. Nobel aliyopewa mwaka 1909 pamoja na Marconi ilikuwa ya mawasiliano ya redio. Alifia Brooklyn mwaka 1918, vita vikiwa vimemzuia kurudi kwao.

Kwa miaka mingi tyubu ya Braun ilibaki chombo cha maabara. Ilihitaji maelfu ya volti hadi mwaka 1922, J. B. Johnson wa Marekani alipoieleza tyubu iliyotosheka na mia chache. Tyubu ya namna hiyo ilimfikia Robert Watson-Watt, aliyekuwa Uingereza akiwinda radi. Watson-Watt alichukua antena mbili zilizokatana kwa msalaba, moja akaiunganisha na wima wa tyubu, nyingine na mlalo. Radi ikipiga, ishara zile mbili zilifika zikiwa na fezi moja, na skrini ikachora mstari ulioinamia upande radi ilikotoka. Fezi zikivurugika, mstari ulivimba ukawa duaradufu, na mpimaji akajua kwamba usomaji huo si wa kuaminiwa. Ni mchoro uleule wa 1857. Katika Vita Kuu ya Pili, vifaa vya ukoo huo vilifungwa kwenye meli za kusindikiza misafara ya Atlantiki, kutafuta mahali nyambizi ya Kijerumani ilipo kwa ujumbe wa redio wa sekunde chache.

Baada ya vita osiloskopu ikawa chombo cha kupimia, kwa maana ya kutoa tarakimu. Howard Vollum, aliyekuwa fundi wa rada, na mwenzake Jack Murdock walianzisha kampuni ya Tektronix huko Oregon mwaka 1946, na mwaka uliofuata wakauza modeli 511 kwa dola 795. Osiloskopu za awali zilihitaji mtu akae akizungusha vitufe ili wimbi lisikimbie. Ya 511 ilisubiri ishara ifike kiwango fulani, ndipo mwale uanze safari, kila mara mahali palepale. Na mwendo wa mwale ulijulikana, kwa hiyo miraba ya skrini ikawa rula.

Namna ya kuitumia rula hiyo haijabadilika. Umeme wa nyumbani Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Weka kila mraba uwe milisekunde 5, na wimbi moja litachukua miraba 4, yaani milisekunde 20. Gawa sekunde 1 kwa hizo, unapata 50. Wimbi la pili likichelewa kwa mraba 1 kati ya hiyo 4, fezi imepishana nyuzi 90. (Usiichomeke probu kwenye soketi ya ukutani. Kibanio chake cha ethi kimeungwa na ethi ya jengo, na ukikigusisha kwenye waya wa moto utapata mlipuko. Tumia transfoma ndogo.) Katika X-Y pima urefu wa duaradufu kutoka juu hadi chini, kisha pima ilipokata mstari wa wima wa katikati, juu na chini. Gawa cha pili kwa cha kwanza: hiyo ndiyo saini (sine) ya pembe ya fezi. Ukipata nusu, ni nyuzi 30, au 150 kama duaradufu imeinamia upande wa pili.

Mashine za kuhesabu masafa kwa tarakimu zilipoingia sokoni miaka ya 1950, kazi ya kuhesabu ncha za michoro ilikufa haraka. Fezi haikufa. Ilipata kazi kubwa zaidi kwenye televisheni ya rangi. Katika mfumo wa Marekani wa 1953 rangi ilibebwa na fezi ya wimbi dogo ndani ya matangazo. Fezi ikiyumba njiani, uso wa mtangazaji uligeuka kijani au zambarau. Walter Bruch wa Telefunken, kampuni ambayo Braun alikuwa miongoni mwa mizizi yake, alitafuta dawa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu ya ishara ya rangi igeuzwe fezi kwenye kila mstari unaofuata, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na kosa la mwingine. Huo ndio mfumo wa PAL, wenye wimbi la rangi la megahezi 4.43. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza kurusha rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri runinga hadi miaka ya 1990, ilitumia PAL. Kifaa cha kukagua rangi katika mfumo huo ni osiloskopu ya X-Y: kila rangi ina nukta yake kwenye duara, na pembe ya nukta ndiyo fezi. Kila aliyekuwa na televisheni ya chogo, wakati huo na baadaye, alikuwa na tyubu ya Braun sebuleni.

Siku hizi tyubu zimekwisha. Osiloskopu ya kidijitali hunasa ishara, huigeuza tarakimu na kuandika masafa pembeni mwa skrini, na kwa kazi nyingi za fundi hilo linatosha. Hata hivyo, ukiwa mwanafunzi na umeipata osiloskopu kwa saa moja, usianze na tarakimu hizo. Chukua transfoma ndogo ya volti 6 au 9, ipeleke kwenye chaneli ya kwanza. Chaneli ya pili ipe jenereta ya mawimbi iliyowekwa kwenye hezi 50. Kisha teua X-Y. Duaradufu haitatulia, kwa sababu gridi hupanda na kushuka kidogo mchana kutwa kadiri watu wanavyowasha na kuzima vitu. Hesabu sekunde za mzunguko mmoja, gawa 1 kwa hizo, na utakuwa umepima ni kwa sehemu gani ya hezi umeme wa taifa na jenereta yako vimeachana wakati huo.